Mita 60 kati ya nyumba mbili: faiba, redio au kebo?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina nyumba mbili ndani ya kiwanja kimoja. Ya mbele ndiyo yenye ruta ya intaneti, iko sebuleni. Ya nyuma nimeifanya ofisi, na jioni binti yangu anasomea huko. Kutoka ukuta hadi ukuta ni kama mita 60, katikati kuna mti mkubwa na tangi la maji. Nilinunua ripita nikaichomeka nyumba ya nyuma, karibu na dirisha. Simu inaonyesha Wi-Fi imejaa kabisa, lakini mikutano ya video inakatika na kurasa zinachelewa kufunguka. Fundi wa kwanza anasema ninunue ruta yenye antena nne kubwa. Wa pili anataka kuvuta kebo ya mtandao kutoka paa hadi paa, akiifunga kwenye waya wa umeme unaokwenda nyumba ya nyuma. Shemeji yangu anasema kebo italeta radi. Intaneti ninayolipia ni ya megabiti 40. Nifanye nini? Au niongeze kasi kwanza?"

Ahsante kwa swali lililokamilika. Umetaja umbali, vilivyopo katikati na walichosema mafundi, kwa hiyo sihitaji kubahatisha sana. Naomba nianze na lililo la haraka: tafadhali mzuie fundi wa pili. Kebo ya mtandao haifungwi pamoja na waya wa umeme, si juu ya paa, si kwenye nguzo, wala ndani ya paipu moja. Nje pale waya hizo mbili zitapigwa na jua kila siku na kusuguana kila upepo unapovuma. Siku ganda litakapochanika, umeme wa nyumba utaingia kwenye kebo ambayo mwisho wake ni kompyuta aliyoishika binti yako. Kazi ya namna hiyo inaweza kukaa miaka bila tatizo, na ndiyo sababu mafundi wengine huendelea kuifanya. Usikubali.

Sasa tuje kwenye kinachotokea leo. Unashangaa kwamba alama za Wi-Fi zimejaa na bado mtandao ni mbovu. Alama zile zinakueleza jambo moja tu, nalo ni jinsi simu yako inavyosikilizana na ripita iliyo hatua chache kutoka ulipo. Hazisemi chochote kuhusu jinsi ripita inavyosikilizana na ruta ya sebuleni, na tatizo lako liko huko. Mawimbi yanatoka sebuleni, yanapenya kuta mbili tatu za nyumba ya mbele, yanavuka mita 60 zenye mti na tangi, kisha yanapenya dirisha au ukuta wa nyumba ya nyuma. Yanafika yakiwa dhaifu. Vifaa vya Wi-Fi vikisikiana kwa shida hupunguza kasi ili visikosee, na vikikosea hurudia kutuma. Kurudia huko ndiko kunakovunja mikutano ya video, kwa sababu sauti na picha haziwezi kusubiri kama ukurasa wa kusoma unavyosubiri.

Ripita nayo inaongeza mzigo wake. Ripita nyingi za kawaida hutumia redio moja na chaneli ileile kupokea na kutuma. Kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili: kutoka ruta hadi ripita, halafu kutoka ripita hadi simu, na wakati mmoja unapita mwingine hauna budi kungoja. Hata mawimbi yakiwa mazuri unapoteza karibu nusu ya kasi. Kwako mawimbi si mazuri, kwa hiyo unagawa kwa mbili kitu ambacho tayari kilikuwa kidogo.

Kuhusu ruta ya antena nne, naelewa kwa nini inavutia. Lakini antena zile hutawanya mawimbi pande zote, na wingi wake umekusudiwa hasa kupitisha mikondo kadhaa ya data kwa pamoja ndani ya nyumba, si kuvuka kiwanja. Nguvu ya kutuma inadhibitiwa kisheria karibu kila nchi, kwa hiyo ruta ya bei kubwa hairuhusiwi kupaza sauti kupita kiasi. Na hata ingepaza, mawasiliano ni ya pande mbili. Simu yako ina betri ndogo na antena ndogo, na kuta zinazozuia mawimbi ya ruta zinazuia na yake. Utaona alama zimeongezeka, huku unachokituma kikiendelea kupotea njiani.

Usiongeze kasi ya intaneti kwa sasa. Mkutano mzuri wa video huhitaji megabiti 3 au 4 kwa sekunde kila upande, na wewe una 40. Unaweza kujihakikishia mwenyewe leo jioni bila kununua chochote. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo fupi, pima kasi, uandike. Kisha fungua dirisha la amri, andika ping, amri inayopima jibu linachukua muda gani kurudi, acha nafasi, uandike anwani ya ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na huwa imebandikwa chini ya ruta. Kwa kebo utaona majibu yanarudi ndani ya milisekunde moja au mbili bila kuyumba. Nenda nyumba ya nyuma na kompyuta ileile, jiunge kupitia ripita, urudie. Namba zikiruka kutoka 5 hadi 300, au majibu mengine yasirudi kabisa, umeshapata ushahidi: kasoro iko ndani ya kiwanja chako, kati ya nyumba na nyumba. Kampuni ya intaneti haihusiki na kipande hicho, na ukiilipa zaidi hakuna kitakachobadilika huko.

Kinachochanganya wengi ni kwamba hizi ni kazi mbili zinazofanywa kama moja. Kuna kuvusha mtandao kutoka jengo hadi jengo, na kuna kuusambaza ndani ya jengo la pili. Ni kama maji: unavuta kwanza bomba kuu hadi nyumba ya nyuma, halafu unagawa kwenye mabomba ya ndani; hakuna anayejaribu kurusha maji kutoka bomba la jikoni hadi dirisha la jirani. Ripita inajaribu kufanya kazi zote mbili kwa pumzi moja. Ukizitenganisha, kila moja ni rahisi. Ya pili nitaimaliza kwa aya moja huko mbele. Ya kuvusha ndiyo inayohitaji uamuzi, na una njia tatu za kweli: kebo ya shaba, faiba, au jozi ya redio za nje.

Kebo ya shaba ndiyo anayoijua kila fundi. Kwa kipimo cha urefu inakutosha, kwani kebo ya mtandao inaruhusiwa hadi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ila mita 60 zako ni za ukuta hadi ukuta. Ongeza kutoka sebuleni hadi ukuta wa nje, kushuka, kuzunguka tangi, kupanda upande wa pili na kuingia ofisini, utajikuta kwenye 80 au 85. Pima njia yenyewe kwa kamba kabla ya kununua chochote.

Shida ya shaba si urefu, ni umeme, na hapa shemeji yako ana nusu ya ukweli. Kebo iliyozikwa ardhini haiiti radi. Lakini radi si lazima ipige nyumba yako ndipo ikudhuru. Ikipiga ardhini jirani, volti ya udongo inapanda ghafla kuizunguka sehemu ile, na kadiri unavyokwenda mbali inapungua. Kwa sekunde ndogo sana, ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini) ya nyumba ya mbele na ethi ya nyumba ya nyuma zinakuwa na tofauti kubwa ya volti. Kama umeziunganisha nyumba hizo kwa shaba, tofauti ile inapata njia ya kupita, na njia yenyewe inapita kwenye ruta upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Aidha, radi inapopiga karibu, waya wowote mrefu huokota msukumo wa umeme hata bila kuguswa. Ndani ya jeki ya mtandao kuna transfoma ndogo inayotenganisha umeme wa pande mbili, na kwa kawaida imetengenezwa kuhimili volti 1,500. Kwa matatizo ya kila siku inatosha. Kwa radi ya karibu haitoshi.

Kuna na lingine ambalo halihitaji mvua. Baadhi ya wauzaji watakushauri kebo yenye ganda la chuma ndani kwa kuwa "inazuia radi". Ganda hilo likiunganishwa na ethi pande zote mbili, umeunganisha ethi za majengo mawili kupitia waya mwembamba kabisa, na mfumo wa umeme wa nyumba moja ukiwa na hitilafu, mkondo utapita humo siku nzima. Kama umewahi kuhisi mtetemo ukigusa bodi ya chuma ya kompyuta katika nyumba mojawapo, simama hapo. Hilo ni la fundi umeme kwanza, mtandao baadaye.

Je, shaba haifai kabisa? Inafaa kama hakuna namna nyingine, na kwa masharti. Ipite ndani ya paipu yake yenyewe, mbali na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Iwe kebo ya nje yenye ganda jeusi linalohimili jua na, ikizikwa, yenye jeli ndani ya kuzuia maji. Pande zote mbili, pale inapoingia ukutani, pawe na kinga ya radi ya kebo za mtandao iliyofungwa kwenye ethi kwa waya mfupi na mnene. Kinga isiyo na ethi nzuri ni pambo. Na iwe shaba tupu. Sokoni kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba, maandishi ya CCA yakiwa yamefichwa ubavuni au hayapo kabisa. Chukua kipande, menya uzi mmoja, ukwangue kwa kisu: shaba hubaki na rangi ileile hadi ndani, alumini hung'aa kama fedha. Alumini ile hukatika ikikunjwakunjwa na hupoteza umeme zaidi njiani, jambo linaloumiza vifaa vinavyopata umeme kupitia kebo. Kama fundi alibakiza boksi la kebo ya ndani, yenye ganda jepesi la kijivu, na anataka kuitumia nje, mwambie aihifadhi kwa kazi ya ndani. Jua litaipasua, maji yataingia, na utakuja kuona ukijani kwenye pini za plagi huku mtandao ukishuka kutoka megabiti 1,000 hadi 100 bila kujua kwa nini.

Ndiyo maana kwa majengo mawili yenye mifumo yake ya umeme, mimi huanza na faiba. Ni uzi wa glasi unaopitisha mwanga. Haupitishi umeme, kwa hiyo tofauti ya ethi haina pa kupita, na radi ikipiga kiwanja haina njia ya kuvuka kupitia mtandao wako kutoka nyumba hadi nyumba. Hofu yote ya shemeji inaisha hapo, si kwa kubishana naye bali kwa kuondoa shaba katikati.

Watu huiogopa faiba kwa sababu wanaifikiria kama kazi ya makampuni yenye magari na mashine. Kwa umbali wako si hivyo. Huuzwa kebo za faiba za nje zilizokatwa kwa urefu maalumu, vichwa vikiwa vimeshafungwa kiwandani. Unavuta, unachomeka, basi. Chagua aina ya singomodi (yenye kiini chembamba sana cha kupitisha mwanga), yenye nyuzi mbili au nne hata kama utatumia moja, maana gharama kubwa iko kwenye mtaro, si kwenye uzi. Mwambie muuzaji unataka isiyo na chuma ndani. Kuna faiba zenye waya au ganda la chuma la kuzuia panya na kuvutwa, na ukiweka hiyo unairudisha shaba kwa mlango wa nyuma. Ikibidi kuitumia, chuma kile kisimamiwe na mtu anayejua kukiunganisha na ethi. Nunua ndefu kuliko kipimo chako kwa mita kadhaa. Ziada unaizungusha kwa duara pana na kuiweka ndani ya boksi. Faiba fupi haina dawa nyepesi.

Miishoni unaweka kigeuzi, kiboksi kinachopokea mwanga na kutoa jeki ya kawaida ya mtandao, au unatumia swichi (kiboksi cha kugawa mtandao wa kebo) yenye tundu la SFP, ambamo huchomekwa kipande kidogo cha kupokea faiba. Vifaa hivi hununuliwa kwa jozi. Vile vinavyotumia uzi mmoja kwenda na kurudi hutuma kwa rangi mbili tofauti za mwanga, kwa mfano nanomita 1310 upande huu na 1550 upande ule, kwa hiyo ukinunua viwili vinavyofanana kabisa havitasikilizana. Angalia pia rangi za vichwa: vya bluu vimesuguliwa bapa, vya kijani vimesuguliwa kwa pembe, na havichanganywi. Kifuniko kidogo cha plastiki kinachofunika ncha kikae hapo hadi dakika ya kuchomeka, kwa kuwa vumbi usiloliona linaweza kuziba mwanga. Na tafadhali usichungulie ncha ya faiba iliyowashwa. Mwanga wake jicho halioni, lakini unafika jichoni.

Kero yake moja ya kweli ni kwamba haipeleki umeme. Kigeuzi cha nyuma kinahitaji soketi yake, na umeme ukikatika unahitaji betri pande zote mbili ili mtandao uendelee. Vifaa hivi hula kidogo sana, hivyo hata betri ndogo itavishikilia.

Mtaro ndio jasho lenyewe. Kabla jembe halijagusa ardhi, jua mabomba ya maji, ya majitaka na waya wa umeme vinapita wapi. Chimba nusu mita au zaidi kulingana na taratibu za mahali ulipo, laza paipu ya milimita 32 hivi, na kwenye kona tumia mkunjo mpana badala ya kiwiko cha pembe mraba. Acha kamba ndani ya paipu hata baada ya kazi kuisha. Siku ukitaka kuvuta uzi mwingine utaishukuru. Ukifikia nusu ya kufukia, laza utepe wa tahadhari juu yake ili mtu atakayechimba baadaye aone utepe kabla hajafika kwenye paipu. Unapovuta faiba, shika ganda au uzi wake wa kuvutia, kamwe si kichwa, na usiikunje. Ukihisi imekwama, rudisha nyuma uangalie, usilazimishe.

Kama kuchimba hakuwezekani, labda pamesakafiwa au kiwanja si chako, basi jozi ya redio za nje ni jibu zuri na la heshima. Usizichanganye na ripita. Hizi ni redio mbili zenye antena zinazoelekeana: nguvu yote inakusanywa upande mmoja badala ya kutawanywa, zinaongea zenyewe kwa zenyewe, na kila moja imefungwa nje ya ukuta, kwa hiyo mawimbi hayapenyi kuta tena. Kwa mita 60, redio ya kawaida ya gigahezi 5 itabeba megabiti zako 40 bila kutoa jasho, na nafasi itabaki.

Sharti lake ni kuonana. Na kuonana si kwa macho tu. Njia ya mawimbi imenenepa katikati. Wahandisi huliita eneo hilo Fresnel, kwa jina la mwanafizikia wa Ufaransa. Kwa gigahezi 5 na mita 60, nusu-kipenyo chake katikati ya safari ni karibu sentimita 90, na sehemu kubwa yake inatakiwa iwe tupu. Kwa hiyo hata ukiona redio ya pili kwa kuchungulia kando ya tangi, bado tangi linaweza kula mawimbi. Maji hunyonya, chuma hurudisha. Mti ni mjanja zaidi, kwa maana unaweza kufunga redio msimu ambao majani yamepukutika, kila kitu kikaenda vizuri, kisha majani yakachipua na mvua ikayalowesha, mtandao ukafa. Simama kwenye kila kona ya nyumba ya mbele ukitazama kila kona ya nyumba ya nyuma. Mara nyingi ipo kona inayopita kando ya mti bila kuhitaji kuukata.

Watu huzifunga redio hizi zikiwa na nguvu ya juu kabisa, wakidhani zaidi ni bora. Kwa umbali mfupi namna hii zinapigiana kelele hadi zinashindwa kusikilizana. Punguza nguvu ya kutuma hadi kipimo cha mawimbi kiwe kati ya -45 na -60 dBm. Zipe jina lao na nenosiri lao refu, kwa usalama wa WPA2 au WPA3, tofauti na Wi-Fi ya nyumbani, ili simu zisijaribu kujiunga nazo. Ukiona zinanyamaza dakika moja hivi na kurudi, huenda ziko kwenye chaneli ambazo kisheria lazima zipishe rada. Chagua chaneli nyingine inayoruhusiwa nchini kwako. Zipo pia redio za gigahezi 60 zinazofikia gigabiti nzima, na kwa mita 60 mvua haizisumbui sana, ila tawi moja likiingia njiani zinazimika. Kwa kasi yako huzihitaji.

Radi bado ipo kwenye hesabu, maana redio iko nje na kebo yake inaingia ndani ikiwa imebeba umeme wa kuiendesha. Ifunge chini ya mapaa badala ya juu ya paa, weka kinga yenye ethi pale kebo inapoingia, na iachie kebo mkunjo wa kuning'inia kabla ya tundu la ukutani ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi ndani. Tumia adapta iliyokuja na redio hiyo hiyo. Nyingine ni za volti 24, nyingine 48, na plagi zake zinafanana.

Vipo pia viadapta vinavyopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme wa nyumba. Vikifaa, ni rahisi ajabu. Kama nyumba yako ya nyuma inapata umeme kutoka ya mbele, vinaweza kufanya kazi. Kama kila nyumba ina mita yake au fezi yake, sahau. Hata vikifanya kazi, pasi au mota ya pampu ikiwashwa unaweza kuona kasi inaanguka. Azima jozi ujaribu kwa siku kadhaa, uchomeke moja kwa moja ukutani na si kwenye ekstensheni. Usinunue kwa ahadi iliyoandikwa kwenye boksi.

Mtandao ukishafika ofisini, kuusambaza ni kazi ya nusu saa. Ruta ya zamani inatosha. Ingia kwenye mipangilio yake, ibadilishie anwani isigongane na ya mbele, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ya mbele ni 192.168.1.1, kisha uzime huduma ya DHCP, ile inayogawa anwani kwa vifaa. Ruta mbili zikigawa anwani kwa pamoja, simu zitachanganyikiwa. Kebo iingie kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Ukiitia WAN utatengeneza mtandao ndani ya mtandao, na printa ya nyumba ya mbele haitaonekana nyuma. Jina la Wi-Fi na nenosiri yawe yaleyale ili simu ihame yenyewe ukitembea. Chaneli ziwe tofauti: kwenye gigahezi 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11. Halafu chomoa ile ripita uiweke kando. Ukiiacha, vifaa vitaendelea kujiunga nayo badala ya ruta mpya. Na kama ina tundu la kebo, mtu akaichomeka kwenye swichi, mtandao utakuwa na njia mbili za kuzunguka na unaweza kuganda nyumba zote kwa sekunde chache.

Ningekuwa na kiwanja chako, ningechimba na kuweka faiba. Kama huwezi kuchimba na ipo kona isiyo na mti, ningefunga redio na kulala usingizi. Shaba ningeiacha iwe ya mwisho, baada ya fundi umeme kupima ethi za nyumba zote mbili.

Fundi huyo mwite hata ukichagua faiba, kama hujawahi kupimiwa ethi. Mwite mtu mwenye vifaa pia kwa kazi ya kupanda juu, kwa kuchimba karibu na waya wa umeme, na kwa faiba iliyokatika, kwa sababu kuiunganisha kunahitaji mashine. Kabla hujalipa, mwambie afanye mbele yako mambo matatu. Akuonyeshe kwamba jeki ya ofisini imeunganika kwa megabiti 1,000 kama vifaa ni vya kiwango hicho. Aiache ping kutoka ofisini hadi ruta ya mbele iende dakika kumi bila jibu kupotea, wakati mtu mwingine anatazama video kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Na akuachie mchoro wa mahali paipu inapopita, wenye vipimo kutoka kwenye kona za nyumba, pamoja na manenosiri yote ya vifaa alivyoweka.